Jani la Mshubiri

Ndugu zangu, leo nimemnyima jirani jani la mshubiri.

Mama Tumaini alikuja asubuhi, mikono imevimba na kuchubuka kwa mafuta ya maganda ya korosho.

"Shikamoo, Baba Esta. Naomba jani moja, nipake ute wake."

"Marahaba. Wabanguaji wote wa korosho hupaka majivu mikononi kwanza, mafuta yasiwaunguze. Uzembe hauna dawa."

"Huyo hata majivu huazima!" akadakia mwanakwaya mmoja kati ya waliokuwa wakifanya mazoezi uani kwangu. Wenzake wakacheka. Nami, mzee wa kanisa, niliwaacha wacheke.

Akajibu taratibu: "Majivu yaliniishia, Baba. Nikaendelea kubangua, kwa kuwa korosho ni za arobaini ya marehemu mkeo."

Akaondoka.

Jani nimelikata. Nimesimama nalo mlangoni pake. Hodi ya tatu sasa, haitiki.

Ninyi mngenifungulia?