Koti la Papa Nililowapa Wasio na Nyumba

Admin, jina langu likae kwako tu. Nina miaka sabini na moja, naishi hapa Kisangani na mama yangu mzazi, ambaye bado yu hai ingawa miguu imemshinda. Naandika kwa kidole kimoja, maana nikimpa mjukuu wangu aniandikie, mtaa mzima utajua kabla ya chakula cha mchana. Siri hii nimekaa nayo tangu utoto.

Ilikuwa wakati wa uasi, uhuru ukiwa na miaka michache tu. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa karani wa reli kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Siku moja waasi wakamchukua kazini pamoja na wenzake, kosa lao kujua kuandika. Mama alikataa kulia. Alikataa matanga. Alisema bwana wake atarudi, akawa anapangusa koti lake jeusi kila Jumapili, lile ambalo kiwiko chake alikishona kwa uzi wa kijani kwa sababu mweusi ulikosekana sokoni.

Miezi ile nyumba nyingi zilichomwa, familia zikawa zinalala kwenye sakafu ya shule yetu. Wanawake wa parokia wakapita mlango kwa mlango kuwakusanyia. Huyu alitoa mihogo, yule sufuria, mwingine hakuwa na kitu akaenda kuwafulia, na jirani yetu akatoa chumba kizima. Sisi tulikuwa hatujatoa hata kijiko. Niliona aibu, na sifichi, nilitaka na sisi tutajwe. Mama akiwa shambani, nikawapa lile koti.

Kwetu nguo za mwanaume hazitoki nyumbani mpaka amezikwa na matanga yameisha. Yule mama wa parokia aliyelipokea alinitazama, akanishika kichwa. "Pole, mutoto yangu. Hatukujua kama papa alikufa."

Hakuna aliyetuambia kuwa papa amekufa. Lakini nilinyamaza, kwa sababu ile pole ilikuwa tamu. Mama aliporudi alidhani ni mwizi, nami nikamwachia adhani hivyo.

Baada ya majuma kadhaa akaja mwanaume mlangoni, amevaa koti la papa.

"Mama, unisamehe. Juzi nilikuwa kwa libongo ya Lubunga, pale mitumbwi inafikia, nangoja pirogi ya kuvuka. Mutu moja, alikonda sana, akashika hii mukono, akaangalia uzi. Akauliza, nani alikupa? Nikamwambia, bon, ni ya marehemu, matanga yake ilishaisha. Akakaa chini. Pirogi ikafika, hakupanda. Akarudia njia ya pori. Leo ndiyo nasikia koti ilitoka hapa kwenu, na hamukufanya matanga."

Papa alikuwa ametoroka, kabakiza mto tu kufika kwake. Bila shaka alidhani tumeshamlilia tukamaliza, na mama amerithiwa na mdogo wake papa, kama ilivyokuwa desturi. Mama alivuka siku ile ile, akamtafuta wiki nzima. Hatukumwona tena.

Aliporudi alisimama uani, akashika ziwa lake mbele yetu sote, akamlaani aliyelitoa lile koti. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na yule aliyelipokea mkononi mwangu alikuwa ameshahama mji. Ninyi mnaojua laana ya mama, ningefungua kinywa vipi? Nimeolewa, nimezaa, nimezika wawili. Kila baya likinipata najiambia, ndiyo ile.

Sasa wiki iliyopita wanawake wamepita tena, maana familia zilizokimbia kutoka njia ya Bafwasende zinalala shuleni, shule ile ile. Siku hizi hata kwa simu unatuma mchango, na nilikwisha kutuma. Mama akaniita. Akatoa chini ya godoro suruali ya lile koti, imekunjwa vizuri.

"Peleka. Papa yako hatarudia tena. Na ule mutu alitoa koti, nilimulaani, leo napenda kumusamehe kabla nikufe. Lakini nitamusamehe namna gani, sijue jina yake?"

Suruali iko kwenye mfuko wangu, leo siku ya tano. Kila nikimpelekea uji ananiuliza kama imefika. Nikimtajia jina, naogopa uchungu utamuua. Nikinyamaza, tutamzika na msamaha wangu.

Ninyi ambao bado mna mama, nishaurini. Leo ameniuliza mara mbili.