Siku Shangazi Aikande Alipotengeneza Waipa Akiwa na Shela

Enzi zetu, mvua ya masika kule Machame haikubisha hodi. Ilishuka kutoka mlimani tangu alfajiri, ikayapiga majani ya migomba kama watu mia wanatwanga, na sisi watoto tukaamka nayo, tukanywa uji nayo, tukaenda shule nayo, kila mmoja na jani la mgomba kichwani na viatu mkononi, maana cha kulindwa kilikuwa kiatu, si mguu. Ukiingia darasani umelowa chapachapa, mwalimu anakwambia, "Kaa, utakauka." Na kweli ulikauka. Watoto wangu mimi wakiguswa na manyunyu matatu wanaulizia dawa ya mafua.

Baba alikuwa na lori. Lilikuwa la kijani, kijani cha zamani kilichochujuka, na juu ya kioo cha mbele liliandikwa SUBIRA kwa rangi nyeupe. Ndani lilinuka dizeli, ndizi mbivu na mbuzi. Sisi tuliona hakuna manukato duniani yanayolishinda. Lilibeba kahawa, lilibeba mabati, lilibeba wagonjwa na kwaya ya usharika, na likikataa kuwaka Baba hakulipiga teke kama madereva wengine. Alikuwa anasema, "Gari ni kama ng'ombe. Likigoma, usilipige, liulize linaumwa wapi."

Basi, nikiwa darasa la nne, Shangazi Aikande akachumbiwa na kijana wa Kahe. Shangazi alikuwa mdogo wake Baba, wa mwisho kuzaliwa, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi bondeni. Mikono yake haikutulia. Redio ya Bibi iliponyamaza, yeye ndiye aliyeifungua kwa ncha ya kisu cha kumenyea ndizi na kuifanya iseme tena. Wazee hawakulisifia sana jambo hilo. Walisema msichana wa kuchezea nyaya atampikia mume nini?

Harusi ilipangwa Jumamosi, saa tano asubuhi, kanisani kwa kina bwana harusi, huko chini Kahe. Mchungaji alikuwa ameshatuma salamu kabisa: saa tano na si saa tano na nusu, kwa sababu saa saba ana mazishi usharika mwingine. Mkichelewa, harusi ni wiki ijayo. Hebu fikiria pombe ya mbege imeshaiva, mtori wa ndizi umeshapikwa, halafu mwambiwe wiki ijayo!

Tukaondoka saa moja. Nyuma, chini ya turubai, walipanda Mama, Bibi, kwaya nzima, mapipa mawili ya mbege, mikungu ya ndizi mshare na mbuzi mmoja mnene aliyekusudiwa kuwa ndafu, wa kubanikwa mzima, amefungwa kamba ya katani. Mbele tulikaa watatu: Baba kwenye usukani, Shangazi katikati na shela lake, glavu zake nyeupe na khanga mbili za kuzuia matope, na mimi dirishani. Nilipataje nafasi ile? Nililia tangu Alhamisi.

Hatujamaliza kona ya tatu, mvua ikafunguka. Waipa zilikwenda mara mbili, zikapunguza mwendo kama mzee anayepanda mlima, zikalala katikati ya kioo. Baba akazima swichi, akawasha. Kimya. Akasimamisha lori, akachomoa fyuzi, akaigeuza kwenye mwanga.

"Fyuzi nzima," akasema. "Basi mota imekufa. Na fundi yuko Moshi mjini."

"Sasa?" Shangazi akauliza.

Baba alishuka, akaenda nyuma, akarudi na kamba ya mbuzi. Huko nyuma tukasikia kelele, maana mbuzi alikuwa ameachwa huru katikati ya kwaya. Baba akazifunga waipa zote mbili kwa kamba ile, ncha moja akaiingiza kwa dirisha langu, nyingine kwa dirisha lake, ikapita chini ya kidevu chake hadi mikononi mwa bibi harusi.

"Ndeshi, ukivuta wewe, Shangazi anaachia. Akivuta yeye, unaachia. Mmesikia?"

Tulisikia! Ndugu zangu, sijawahi kupanda ndege iliyonipa raha kama ile. "Vuta!" anapiga kelele Shangazi. "Achia!" napiga kelele mimi. Kioo kinafunguka, tunaona barabara. Kioo kinafunga, tunaona maji. Mvua inaniingia dirishani hadi tumboni, nami nacheka mpaka navuta kabla ya zamu yangu. Kwaya wakasikia vuta-achia yetu, wakaiingiza kwenye wimbo, na kila waliposema "Haleluya" tulivuta. Shangazi alicheka hadi machozi yakamwagika kwenye poda. Baba naye, kamba ikimkwaruza kidevu, alikuwa anasema, "Taratibu, Aikande, utaninyoa!"

Kicheko kilikatika kwenye kona ya mteremko, juu kidogo ya barabara ya lami. Nilivuta, Shangazi naye akavuta, waipa zikasimama wima katikati, na kioo chote kikawa maji. Nilihisi upande wangu unazama. Baba alikanyaga breki, lori likateleza, likateleza tena, likasimama. Nilichungulia dirishani: tairi la mbele lilikuwa pembeni kabisa ya mfereji, na chini ya mfereji ni bonde. Nyuma kwaya ilinyamaza. Hata mbuzi alinyamaza.

Baba aliweka paji la uso kwenye usukani. "Siendi tena hivi," akasema polepole. "Nimebeba watu. Tusubiri mvua ikate."

"Itakata saa ngapi, Kaka?"

"Hiyo muulize aliyeileta."

Nilimtazama Shangazi. Kidevu kilimtetemeka, nikajua sasa atalia, na mtu mzima akilia mbele ya mtoto dunia inatisha. Lakini hakulia. Alivuta pumzi, akasema, "Kaka, ulisema gari liulizwe. Wewe umeuliza fyuzi peke yake. Mota umeiuliza?"

"Aikande, wewe leo ni bibi harusi."

"Ndiyo. Na bwana harusi yuko Kahe. Nipe bisibisi."

Alivua glavu moja, akanipa nishike, akapandisha khanga mabegani na kuingiza kichwa chini ya dashibodi, shela likibaki nje kama mkia wa jogoo mweupe. Akaomba ile taa ndogo ya ndani ya lori na vipande viwili vya waya. Kipande kimoja akakigusisha kwenye chuma cha bodi, kingine kwenye waya unaoingia swichi ya waipa. Taa ikawaka.

"Umeona, Ndeshi? Umeme umefika hapa." Akasogeza waya kwenye upande unaotoka. "Washa swichi, Kaka."

Baba akawasha. Taa ikabaki giza.

"Haukufika huku," Shangazi akasema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya siku ya redio. "Mota ni nzima. Inaumwa njaa tu. Swichi ndiyo imekufa."

Akaziunganisha nyaya zile mbili, ya kuingia na ya kutoka, bila kupitia swichi. Waipa zikaruka! Zikaenda kushoto, zikaenda kulia, na kamba yetu ikaninyanyua mkono hadi dirishani. Nilipiga yowe. Baba alipiga yowe. Bibi, kule nyuma, asiyejua lolote, naye akapiga kigelegele ili asipitwe. Tukafungua kamba haraka, Shangazi akazisokota zile nyaya, na Bibi akatoa plasta ya kidonda kwenye pochi yake, zikafungwa.

"Asiguse mtu hapo!" Baba akaamuru. "Zikilala hizi, haziamki tena."

Na ndiyo maana tulivyoingia barabara ya lami na mvua ikapungua, hatukuzigusa. Tulivyofika Soweto, pale Moshi mjini, na mvua ikakata, hatukuzigusa. Tulivyoacha mji na kuteremka Kahe, ambako jua linawaka na vumbi linapaa hadi nyusi, waipa zetu bado zinafanya kazi kwa bidii, kwii, kwaa, kwii, kwaa, kwenye kioo kikavu. Watu waliokuwa mashambani walisimama na majembe yao wakatazama. Watoto wa Kahe walidhani tunawapungia, nao wakatupungia kwa mikono yote miwili, sambamba na waipa.

Tuliingia uwanja wa kanisa mchungaji akiwa mlangoni anatazama saa. Bwana harusi, masikini, alikuwa amesimama juani kwenye suti, amelowa jasho kuliko sisi tulivyolowa mvua. Baba alipozima lori ndipo waipa zilipolala.

"Hizo waipa vipi, shemeji?" bwana harusi akauliza.

"Muulize mkeo," Baba akajibu. "Mimi nilishindwa."

Shangazi akashuka, mkono mmoja na glavu nyeupe, mwingine mweusi wa grisi hadi kwenye kiwiko. Niliogopa. Kisha baba yake bwana harusi, mzee mkavu mwenye fimbo, akaushika ule mkono mweusi, akauinua juu watu wauone, akasema, "Wenzetu wameoa mpishi. Sisi tumeletewa fundi!" Vigelegele vikapasua anga. Pete ilivalishwa kwenye kidole chenye grisi, na kwaya iliimba ubeti wa kwanza mara nne, kwa sababu karatasi ya beti zilizobaki mbuzi alikuwa ameila njiani.

Shangazi hakunyauka Kahe, kama wengi walivyotabiri. Pampu za maji ya mashamba zilipogoma, ni yeye aliyeitwa, na wanaume waliomcheka walimbebea spana. Ametulea wengi, ametufundisha wengi, na mwaka juzi tulimzika kulekule, kwenye udongo mkavu alioupenda.

Siku hizi nina gari linalojua lenyewe kwamba mvua inanyesha. Tone likigusa kioo, waipa zinaamka bila kuambiwa. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, kijana wangu anaipiga picha, anaituma kwenye kundi, na watu kumi na wawili ambao hawajawahi kushika bisibisi wanamshauri. Siwalaumu, dunia yao ndiyo hiyo. Lakini tukiteremka kutoka Machame kwenye masika, madirisha yamefungwa, kila mtoto na vidude vyake masikioni, mimi naendesha nikisikiliza mvua peke yangu. Tunafika wakavu kabisa, na ukiwauliza tumepita wapi, hakuna anayejua.