Chai ya Rangi kwenye Unyayo wa Mama

Kijijini kwetu, kusini mwa Somanga, sehemu ya mwamba wa baharini hufungwa kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Siku ya kuufungua, wanawake hushuka pamoja maji yakitoka. Mama hajawahi kuikosa siku hiyo. Mwaka ule, ilipokuwa imekaribia, alikanyaga gamba la chaza likamkata unyayo. Nilikuwa nyumbani likizo, nikamkuta anaosha kidonda kwa chai ya rangi.

Dawa hiyo si ngeni kwetu. Macho mekundu na vipele vya joto huoshwa nayo ikishapoa. Mpishi wake alikuwa shangazi, wifi yake mama. Asubuhi moja niliona msururu wa sisimizi ukipanda mkekani kuelekea mguu wa mama. Kwetu sukari huingia sufuriani pamoja na majani, na shangazi alikuwa anachota dawa kwenye sufuria ile ile ya chai ya asubuhi, pamoja na iliki yake.

“Wifi, mguu wangu umeutilia sukari?” mama akauliza.

“Nimezoea kukupa vitamu. Hata kaka yangu nilikupa.”

“Kaka yako ndiye aliyekuwa chai. Wewe ni makapi.”

Walicheka, kisha ikapikwa nyingine, majani matupu, nzito kama wino. Niliwaambia nilichosoma: kwenye maabara watu wamejaribu maji ya majani ya chai juu ya vijidudu, na baadhi ya vijidudu vikaacha kuongezeka. Nikaongeza kwamba kisahani cha maabara si mguu wa mtu. Mama alisikia nusu ya kwanza.

Na kweli, kingo za kidonda zilikauka, harufu ikapungua. Lakini alikuwa akikanyagia kisigino tu, na baada ya siku chache mguu ukavimba hadi juu, ukawa wa moto. Zahanati hakutaka kuisikia. Alijua watamkataza maji ya chumvi, na mwamba ungefunguliwa wiki ile.

Nilibembeleza bila mafanikio. Aliyemwinua ni shangazi.

“Wifi, mimi napika chai, sipasui miguu. Vaa baibui twende.”

Muuguzi alibonyeza unyayo, akapasua kidogo, akatoa kipande cha gamba kilichokuwa kimezama ndani. Alimchoma sindano ya pepopunda, akampa vidonge. Habari ya chai aliisikiliza bila kubeza. Alisema chai haikuwa na njia ya kulifikia gamba, na kwamba mguu ungecheleweshwa zaidi, huenda wasingeuokoa. Mama aliuliza swali moja tu, la mwamba. Akajibiwa hapana.

Siku ya kufungua alikaa barazani, mguu juu ya kigoda, akiitikia shikamoo za wanaoshuka. Maji yalipoanza kujaa shangazi alirudi na ndoo, nguo zimemganda, akachagua pweza mkubwa kuliko wote na kumlaza kwenye sinia mbele ya mama.

“Huyu katoka kwenye shimo lako la kila mwaka.”

Mama alimgeuza, akamkagua mkono mmoja mmoja.

“Shimo langu halitoi wadogo hivi,” akasema. “Umeingia la jirani.”

Kisha akaomba gongo la mti, akaanza kumpiga pweza alainike, akiwa ameketi pale pale.