Ukurasa wa Pilipili

Karani wa shule yetu tulimwita Redio, na hakuchukia. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya meza moja, kati ya mlango wa mwalimu mkuu na kabati la faili, na hapakuwa na jambo lililopita hapo bila kutangazwa. Ukipata mtoto, atakupongeza kabla hujamwambia mtu. Ukigombana na mwenzako kwenye chumba cha walimu, atawapatanisha, kisha atausimulia ugomvi wenyewe vizuri kuliko mlivyogombana. Kipaza sauti cha shule kilikuwa mezani kwake, na kila asubuhi alisoma matangazo kwa sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwembamba mwishoni, sauti ya mtu anayekujua na asiye na haraka na wewe.

Mimi nafundisha hisabati katika darasa lililopakana na ofisi yake. Haya mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe, nami nimejitahidi kupunguza chumvi.

Ng'ambo ya uwanja kuna kitengo cha elimu maalumu. Mwaka ule kilikuwa na watoto tisa wasioweza kutamka maneno, kila mmoja kwa sababu yake. Aliyejulikana zaidi ni msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye mtindio wa ubongo, tuliyempa jina la Mheshimiwa kwa jinsi alivyokaa kwenye kiti chake cha magurudumu kama mtu aliyekuja kukagua mradi. Shingo ilimyumba, mikono ilimsumbua, ila kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilimtii, na macho yake hayakukosa kitu.

Basi vikaja vishikwambi. Kila mtoto alifungiwa chake mbele ya kiti au juu ya meza, kimejaa picha kubwa kubwa, na ukigusa picha mashine inasema neno. Mwalimu wa kitengo, mama mwembamba mwenye subira ya ajabu, alikuwa ameviomba kwa miaka mitatu. Siku ya kwanza Mheshimiwa aligusa picha ya bilauri, na sauti ya kiume ikatamka "ma-ji" kama mgeni anayesoma kibao cha barabarani katika nchi asiyoijua. Darasa likaangua kicheko. Mheshimiwa naye alicheka hadi akateleza kwenye kiti. Tangu hapo kila aliyetaka kuwachekesha wenzake alibonyeza maji, na hakuna aliyekunywa.

Msichana aliyetengeneza programu ya vishikwambi vile, ambaye sote tulimwita Fundi, alikiri kwamba sauti ilitoka mbali na haikuwa imezoea lugha yetu. Ilitakiwa sauti ya mtu wa hapa, irekodiwe neno kwa neno. Walimu tukajitokeza. Mwalimu wa michezo alirekodi kama anaamuru gwaride. Mwalimu mkuu alikohoa kila baada ya maneno matatu. Mimi, kwa maelezo ya Fundi, nilisikika kama namdai mtu jibu. Tukiwa tumekata tamaa, Redio akaingia bila kubisha hodi, akauliza kwa upole wa kutisha ni nani aliyechukua stepla yake. Fundi akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Mama," akasema, "hebu uliza tena."

Walirekodi kwenye stoo ya magodoro ya michezo, mablanketi yakiwa yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, kila siku saa ya mapumziko ya mchana, kwa wiki mbili. Orodha ya maneno ilikuwa imeandaliwa na kamati ya walimu, na mimi nilikuwa mjumbe, kwa hiyo aibu nyingine ni yangu. Redio alisoma ukurasa wa kwanza. Naomba maji. Asante sana, mwalimu. Samahani. Napenda shule. Naomba kwenda msalani. Alisoma wa pili, ukafanana na wa kwanza. Akavua miwani na kumwita mwalimu wa kitengo.

"Dada, ni nani anaongea hivi kutwa nzima?" aliuliza. "Mimi mwenyewe nikisema asante mara tatu kwa siku, mume wangu ananipima homa."

Mwalimu wa kitengo alieleza kwamba kamati ilitaka watoto waanze na adabu.

"Adabu watapata. Lakini mtoto asiye na neno la kukataa, utajuaje kama amekubali?"

Mwalimu wa kitengo ni mtu wa haki. Alikubali Redio aongeze maneno kumi ya kwake. Redio akaongeza arobaini na matatu. Sitaki. Si mimi. Ngoja kwanza. Umeanza tena. Uongo huo. Nyamaza na mimi niseme. Hapana, yule mwingine. Nisikilizeni. Fundi aliyapanga yote kwenye ukurasa wake peke yake, na kwa kukosa picha ya kuuwakilisha, akaweka pilipili nyekundu.

Ndani ya siku tano kitengo kikageuka soko. Watoto tisa, wote kwa sauti ya mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, walikuwa wakibishana kuhusu penseli. Redio akiwa ofisini alijisikia mwenyewe akijiita mwongo kutoka ng'ambo ya uwanja, kisha akajisikia akikana. Mumewe, fundi saa, mtu mkimya, alikuja siku moja kumletea funguo alizosahau. Akiwa ukumbini akaanza kumuuliza mlinzi njia, na nyuma yake sauti ya mkewe ikasema, "Nyamaza na mimi niseme." Akanyamaza. Alisimama pale kwa heshima zote, hadi alipogeuka na kukuta mtoto wa miaka saba mwenye kishikwambi. Nyumbani aliulizia kama na yeye anaweza kupata chake, hasa chenye kitufe cha kupunguza sauti.

Baba yake Mheshimiwa ni fundi wa kuchomelea vyuma, na humlea binti yake peke yake. Kila siku alimfuata jioni na kila siku alichelewa, kwani milango na madirisha ya watu hayaishi. Jioni moja alifika mbio mbio, akamkuta binti yake kivulini na mwalimu wake. Kidole kikatembea polepole hadi kwenye pilipili. "Umechelewa tena," ikasema sauti ya Redio.

"Nisamehe, mama," akajibu baba, na akainama kidogo. Kisha akatambua aliyesema ni nani. Mwalimu wa kitengo aliniambia kwamba mwanamume yule alikaa chini kwenye ukingo wa baraza, akamwomba binti yake aseme tena. Akasema tena. Alimwomba mara nne, na mara ya nne Mheshimiwa akambonyezea "Umeanza tena."

Sasa nifike kwenye ile Jumanne. Mwalimu wa kitengo alikuwa amekwenda kwa mwalimu mkuu kuomba meza mpya, akamwacha Mheshimiwa pembeni ya meza ya Redio. Redio akatoka mara moja kwenda msalani. Kipaza sauti alikuwa amekiwasha kutangaza habari za vikombe vilivyopotea, na hakukizima. Saa nne na dakika arobaini, nikiwa katikati ya kufundisha hesabu za sehemu, spika ya darasani kwangu ikasema kwa sauti tuliyoitii miaka yote, "Nisikilizeni. Tumemaliza. Twende nyumbani. Asante sana, mwalimu."

Nilishangaa, ila niliweka chaki chini kama wenzangu. Sauti ilikuwa ya Redio, na Redio hakuwahi kutangaza jambo lisilo la kweli, alitangaza tu mambo ambayo hayajaruhusiwa. Watoto mia sita walimwagika uwanjani. Mlinzi alifungua geti bila swali. Mwalimu mkuu alipotoka ofisini na kikombe cha chai mkononi, nusu ya shule ilikuwa barabarani, na mwalimu wa michezo alikuwa tayari amepanda baiskeli.

Ilichukua saa nzima kuwarudisha waliopatikana. Kisha mwalimu mkuu akatuita ofisini, Redio, mwalimu wa kitengo, mimi kama shahidi wa kusikia, na Mheshimiwa.

"Mama, sauti ile ni ya nani?" alimuuliza Redio.

"Ni yangu."

"Na maneno?"

Redio akamtupia jicho Mheshimiwa. Aliniambia baadaye kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kutojua habari. "Nadhani ni ya huyu," akasema.

Tukamgeukia Mheshimiwa. Aliangalia dari. Kidole kikasafiri, kikabonyeza: "Si mimi." Akatutazama mmoja mmoja aone kama tumesadiki, akaongeza: "Uongo huo." Mwalimu wa kitengo alitoka nje kwa haraka, na kupitia dirishani nilimwona akicheka ameegemea ukuta.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Lakini wazazi walikuwa wamepiga simu, wakubwa wake nao walikuwa wamepiga, na mtu aliyepigiwa simu nyingi hutafuta kitu cha kufuta. Akaagiza ukurasa wa pilipili uondolewe kwenye vishikwambi vyote siku hiyo hiyo.

Kitengo kikatulia. Kilitulia kuliko tulivyotaka. Watoto wawili waliacha kabisa kugusa mashine. Mheshimiwa alibakiza neno moja tu. Ukimpa maji, asante. Ukimsukuma kwenda asikotaka, asante. Mwalimu mkuu alipopita kuwasalimu, akagonga goti lake kwenye kiti cha Mheshimiwa kwa bahati mbaya, asante sana, mwalimu. Redio alikuwa akisikia asante hizo kwa sauti yake mwenyewe, na alisema hajawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Aliandika barua ya kuomba ukurasa urudishwe, akaichapa, akaipiga muhuri, akaiingiza mwenyewe kwenye jalada la barua zinazoingia na kuipeleka mezani kwa mkuu. Haikujibiwa. Siku ya nne baba yake Mheshimiwa alikuja saa za kazi, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso. Redio alimwingiza bila miadi na akaacha mlango wazi, ndiyo maana mimi pia nilisikia.

"Mwalimu," alisema yule baba, "miaka kumi na mmoja nimekaa na mtoto mpole. Kila nilichomvalisha alivaa, kila nilichompa alikula. Wiki tatu hizi ndiyo nimejua kwamba ile fulana ya njano haipendi, wimbo ninaoimba asubuhi hautaki, na mto wake unamwumiza shingo. Alinigombeza kila jioni. Sasa tunarudi nyumbani kimya. Naomba mnirudishie ule ugomvi."

Mwalimu mkuu alikohoa mara tatu. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Redio alilazimika kusogea karibu kuisikia, kama kuna namna ya kufunga kipaza sauti kwa ufunguo.

Pilipili ilirudi alasiri hiyo.

Muhula uliofuata Fundi alikuja na habari mpya. Programu sasa iliweza kuchukua sauti chache alizonazo mtoto mwenyewe, kicheko, mguno, jinsi anavyoita, ikazichanganya na usemi wa ndugu wa umri wake, na kumtengenezea sauti isiyo ya mtu mwingine yeyote. Kwa Mheshimiwa, binamu yake alisoma maneno siku tatu. Redio alisema hayo ni maendeleo makubwa. Kisha alikwenda kupanga faili zilizokwisha pangwa.

Nilimfuata. Alizungumza kwa sauti ya chini, na hilo peke yake lilinitisha.

"Wanangu wawili walishaondoka nyumbani," alisema. "Nikapata tisa wanaozozana kwa mdomo wangu. Unadhani mtu anaachana na hilo kirahisi?"

Siku ya kuchagua, Fundi alimchezea Mheshimiwa sauti tano, ya Redio ikiwemo. Alizisikiliza zote, akataka ya tatu irudiwe, akaichukua: sauti ya msichana, kali kidogo, yenye kicheko kilichojificha chini yake. Hakusita wala hakumtazama Redio, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anahesabu viti. Ilimuuma. Alinieleza ilimuuma kama kiatu kipya, unajua ni kizuri na bado unachechemea.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameinamia droo ya chini akitafuta wino wa muhuri, akasikia mtoto akisema mlangoni, "Shikamoo."

Akainuka kuangalia ni mwanafunzi gani. Alikuwa Mheshimiwa. Kwa miezi yote ile hakuwahi kumwamkia, kwa sababu kumwamkia Redio kwa sauti ya Redio wote wawili waliona ni upuuzi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Redio.

Mheshimiwa alisubiri kwa adabu hadi alipomaliza kufuta macho. Kisha akauliza kama mwalimu mkuu yupo, maana alikuwa na malalamiko kuhusu mlango wa maktaba, ambao ni mwembamba kuliko kiti chake. Alikuwepo. Walizungumza dakika ishirini, na baba yake ndiye aliyekuja kupanua fremu.

Siku hizi kila Jumatano, baada ya matangazo, Redio hufunga ofisi na kwenda kitengoni. Kazi yake ni kutafuta maneno yaliyokosekana. Hukaa kwenye kiti kidogo, daftari gotini, huku mtoto akimwonyesha kwa macho na kidole kitu anachotaka kusema na mashine haina, naye hubahatisha mpaka apatie. Watoto wawili bado wanatumia sauti yake, mapacha walioanza mwaka huu, na wao wamemletea kazi ngumu. Hawataki neno. Wanataka mluzi, ule wa kumwita mtu aliye mbali. Redio hajui kupiga mluzi. Anajifunza ofisini kati ya saa nne na saa tano, na mwalimu mkuu ameanza kufunga mlango wake.