Usiku wa Saa Sita Mchana

Ofisini kwetu Mtwara kuna chumba kinachowashwa taa usiku kucha na kuzimwa asubuhi, na kila mgeni anayepita jioni hudhani sisi ni wazembe tunaoteketeza umeme wa serikali. Wadhani wanavyotaka. Hicho ni chumba changu. Zamani kilikuwa stoo ya ndoo na mifagio, hakina dirisha, na ndani yake nafuga planktoni, viumbe wa baharini wadogo mno wanaotoa mwanga wa buluu wakitikiswa. Niliwavua mwenyewe Mnazi Bay kwa wavu mwembamba, nikawapa rafu, taa na maji yaliyochujwa. Nawaita wapangaji wangu, ingawa kodi hawalipi.

Shida yao ni moja: huwaka usiku tu, na mimi nina watoto wa kuwapikia nyumbani Shangani, sina mpango wa kukesha na chupa. Nikawageuzia siku. Taa zikiwaka usiku, wao huona kumekucha. Nikizima asubuhi, huona jua limetua. Ikifika saa sita mchana, watu huko nje wanapepea magazeti, humo ndani kwao ni usiku mkuu. Natikisa chupa, inawaka.

Wala hawapo pale kwa urembo. Ukiwachanganya na maji yenye sumu, kesho yake mwanga wao unafifia, na sumu ikiwa kali hawawaki kabisa. Vifaa vyetu vingine vya kupima maji hutafuta kitu kimoja kimoja, kile tu vilichotengenezewa. Wapangaji wangu hawaulizi sumu inaitwaje. Wanaumwa, basi.

Hiyo ndiyo sababu niliwapelekea maji ya kile kijito.

Kijito chenyewe kiko kusini, katika kijiji kimoja cha pwani kabla hujafika mdomo wa Ruvuma, kimezungukwa na mikoko. Wanawake wa pale huingia na vikapu maji yakipwa, wakaokota chaza na kombe. Ndiyo mboga yao, na inayobaki huikausha na kuiuza. Mwaka ule walianza kukuta chaza wamefunguka, wamekufa, wananuka. Juu ya kijiji kulikuwa na kiwanda kidogo cha kubangua korosho kilichochimba mfereji wa kumwaga maji machafu hadi kijitoni. Yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya maganda yake yanavyounguza ngozi. Mimi si mtu wa kusini, kwetu ni kahawa na ndizi, lakini hata mimi nilipoona ule mfereji niliingiwa na hasira.

Kiongozi wa wale wanawake alikuwa bibi mmoja, kungwi wa kijiji, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Nilipomwamkia alinishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, wanatwambia ngozi zinatubabuka kwa sababu ya korosho tunazobangua nyumbani. Sawa. Na chaza je, nao wanabangua?"

Nilirudi mjini na maji ya kijito chao, nikayapima. Chupa ya maji safi iliwaka, ya kijito ikabaki nyeusi. Nikarudia, ikawa vile vile. Nikamwambia mkuu wangu wa kazi, naye akasema vizuri, tuwaite meneja wa kiwanda na viongozi wa kijiji waje waone kwa macho yao. Mkuu wangu si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa kugombana na yeyote mwenye gari kubwa.

Siku chache kabla ya wageni kufika nilikuwa nashinda kwa wataalamu wa korosho kule Naliendele, nikiuliza juu ya mafuta ya maganda, jioni napitiliza nyumbani. Sikupita ofisini; chupa za wageni nilikuwa nimeshazichanganya, na kuwasha taa jioni na kuzizima asubuhi nilimwachia mlinzi. Nilikuwa nimebandika karatasi kubwa kwenye swichi: TAA HIZI ZISIZIMWE USIKU. Nikaamini karatasi.

Siku yenyewe tulijipanga stooni gizani, meneja, mwenyekiti wa kijiji, mkuu wangu, mimi, na yule bibi, ambaye hakualikwa ila alikuja. Nikawaomba wasubiri macho yazoee. Nikatikisa chupa ya maji safi. Giza. Nikatikisa tena, kwa nguvu. Giza. Nikatikisa ya kijito, nayo giza.

Meneja akacheka. "Kwa hiyo maji safi na maji machafu ni mamoja?"

Nilisikia uso unawaka kuliko chupa zote. Nikawasha taa, nikaangalia rafu. Wapangaji wangu walikuwa wamezama chini ya chupa, wamepauka. Karatasi yangu kwenye swichi haikuwepo. Nikauliza nani alizima taa usiku. Mkuu wangu akakohoa, akasema aliona haipendezi wageni waje wakute ofisi ya umma inachezea umeme, kwa hiyo kila jioni alipita mwenyewe kuhakikisha kila kitu kimezimwa. Alilisema hilo kwa fahari kabisa. Maskini ya Mungu, viumbe wanaoishi kwa mwanga walikaa gizani usiku na mchana, halafu tunawadai wawake!

Nikawaeleza wageni. Nikasema hawa wamechoka, nipeni wiki mbili niwarudishe. Meneja akatazama saa. Mkuu wangu akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Dada yangu, achana nayo. Tuseme tu kipimo hakikuonyesha tofauti. Weka sahihi, tuwe na amani."

"Hakikuonyesha chochote," nikamwambia. "Umekiua wewe. Sahihi yangu huipati."

Nilisema kwa sauti, wote wakasikia. Akaniambia niangalie sana, nafasi za uhamisho huwa hazikosi, tena mbali na bahari. Sikuomba radhi siku ile wala baadaye. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akasema neno moja tu: "Uje." Kisha akaondoka.

Nikaanza upya. Nilirudi Mnazi Bay na wavu, nikavua wapya, nikawafundisha usiku wao. Safari hii swichi niliizungushia utepe wa gundi mpaka ikawa donge. Mkuu wangu alipita, akaliangalia lile donge, akapita zake. Walipokuwa wanawaka vizuri nikachukua likizo yangu halali, nikafunga chupa kwenye kitambaa cheusi, nikazipanga kwenye kasha la kuhifadhia samaki, nikapanda bodaboda hadi kijijini.

Bibi alinipokea, akanipeleka kwenye nyumba ambayo wanawali huwekwa ndani wakati wa unyago. Chumba chake cha ndani hakina hata tundu la kupitisha mwanga. Nikatundika taa ya sola ya kuwamulika usiku, nikachanganya chupa nyingine na maji ya kijito, nyingine na maji ya bahari kutoka mbali na mfereji. Bibi aliziangalia chupa zile muda mrefu. "Hawa nao ni wari," akasema. "Wako ndani."

Kesho yake, saa sita mchana, wanawake walikuja. Habari zilikuwa zimemfikia meneja, naye akaja na pikipiki, akapanda barazani. Bibi akasimama mlangoni. Hakuinua sauti.

"Humu ni ndani. Hapaingii ntu mwanaume."

"Bibi, huyu mama ni wa ofisini, hana ruhusa ya..."

"Wewe kwenu si Newala? Mama yako hakukufundisha?"

Meneja angekuwa mgeni kama mimi angeweza kujifanya hajui. Alikuwa mtu wa kwao, anajua vizuri nyumba gani huisogelei na kwa nini. Alishuka barazani akabaki juani na simu yake.

Tukaingia kwa makundi. Kwanza waliwasikia wenzao wanapumua tu, wengine wanacheka kwa woga. Macho yalipozoea nikampa bibi chupa ya kwanza, ile ya bahari. Akaitikisa. Ikawaka buluu mkononi mwake, mwanga ukapanda mpaka kwenye kidevu, na wanawake wakapiga vigelegele. Nikampa ya pili. Akaitikisa. Akaitikisa tena na tena, akaisogeza karibu na jicho, akaitikisa kwa mikono miwili. Hakuna. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mmoja nyuma yangu, mama mwenye mtoto mgongoni, akasema taratibu, "Hiki ndicho ninachowalisha wanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya ofisi ipi waiandikie na barua ipite wapi. Bibi hakunisubiri. Alitoka nje, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akashika njia ya kijitoni, na wale wengine wakaingia majumbani mwao wakatoka na majembe na vikapu vyao vya chaza. Maji yalikuwa yamepwa. Walifika pale mfereji unapoingia kwenye mikoko, wakaanza kuujaza tope, mizizi iliyokufa, na maganda ya chaza waliokufa, kikapu baada ya kikapu. Meneja alikuja akipiga kelele kwamba wanaharibu mali, na maji yake yakasimama, yakapanda, yakaanza kurudi kiwandani kwake.

Mimi ni mtumishi wa umma. Najua kinachonipasa na kisichonipasa, na kuziba mfereji wa mtu hakumo katika kinachonipasa. Nilivua viatu, nikaingia.

Simu yangu ikaita. Mikono yangu ilikuwa imejaa tope hadi viwikoni, kwa hiyo bibi akaitoa mfukoni mwangu akaniwekea sikioni. Alikuwa mkuu wangu, na nyuma ya sauti yake nilisikia simu nyingine ikiita.

"Nani amewaambia wazibe?"

"Maji yenyewe, mkuu."

"Waambie wafungue sasa hivi. Na wewe utoke hapo. Unanisikia? Toka hapo kama unaipenda kazi yako!"

"Naipenda sana," nikamwambia. "Ndiyo hii naifanya."

Bibi akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anataka tufungue. Aliitazama ile simu kidogo, akaizima, akaichomeka kwenye fundo la kanga yake.

"Lete tope," akaniambia. "Bado panavuja."