Mama Midi na mkono wa kushoto wa kaka yake

Asubuhi, kabla fundi cherehani wa chumba cha mbele hajawasha pasi, Mama Midi ameshaketi kwenye stuli yake, waya mdomoni, mikono yote miwili nyuma ya kinanda cheusi. Mteja amesimama mlangoni, ana sura ya mtu aliyeibiwa.

"Nimekibonyeza wiki nzima," mteja analalamika. "Kimya. Nimeuziwa gogo!"

Mama Midi anautoa waya mdomoni. "Hujauziwa gogo, ndugu yangu. Hiki chenyewe ni bubu, hakina sauti hata moja tumboni. Kazi yake ni kutoa amri, kompyuta ndiyo inahangaika. Kama mama mkwe wangu."

Anakichomeka kinanda kwenye laptopu, anafungua programu ya muziki, anaielekeza ipokee amri kutoka kwenye kinanda hicho, kisha anachagua sauti ya piano. Anabonyeza kibao kimoja. Chumba kinajaa. Mteja anacheka kwa aibu, na nyuma ya pazia fundi cherehani anapiga makofi.

"Siwacheki watu kama hawa," Mama Midi anasema mteja akishaondoka. "Mimi mwenyewe cha kwanza kilinitoa machozi."

Wateja walimpa jina hilo kutokana na midi, lugha ambayo vinanda na kompyuta husemezana kwayo. Hakuisomea popote. Alikuwa akitengeneza simu, mpaka kaka yake, mpiga kinanda wa kwaya, aliponunua kinanda cha aina hii na kukikuta bubu. Akamletea mdogo wake kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo aliyekuwa na bisibisi ndogo.

Bisibisi haikuhitajika. Alisoma maelezo yaliyoandikwa kwa herufi za kuumiza macho, akajaribu hili na lile, na jioni moja kikalia. Kaka mtu akaitangaza habari hiyo kwa kila mpiga kinanda aliyemfahamu. Kazi haijamtajirisha. Mwezi mzuri hulipa kodi ya chumba na ada za watoto wake wawili, mwezi mbaya humrudisha kwenye simu.

"Mtu anakuja na kinanda kina vitufe vya kuzungusha, kina pedi nane, hivi vibonyezo vya mpira, na hajui hata kimoja kina kazi gani," anaeleza. "Namuuliza, unampigia nani? Unapenda nini? Mkono gani mvivu? Halafu kila kibonyezo nakipangia kazi yake."

Swali la mkono mvivu alianza kuuliza mwaka jana, kiharusi kilipomwangusha kaka yake. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi na utani wake wote. Mkono wa kushoto ukabaki umejikunja, vidole vimegoma. Kwa mpiga kinanda, huo ndio mkono wa besi, unaoibeba kwaya nzima. Kwaya ikaanza kuimba bila kinanda, na kaka mtu akaanza kukaa ndani.

"Alikuwa anakunja shati lake, anakunjua, anakunja tena," anasema mdogo wake. "Mtu ambaye hajawahi kukunja shati tangu azaliwe! Nikasema huyu ataniishia mikononi."

Akapiga moyo konde. Vidole vilikuwa vimegoma, lakini ngumi iliweza kushuka. Kwa hiyo kila pedi akaipa sauti kamili ya mkono wa kushoto, besi na noti zinazoambatana nayo, ili ngumi ikigusa mara moja zote zilie pamoja. Na kwa kuwa ngumi ilishuka kwa kishindo, akakipunguzia kinanda ukali wa mguso, sauti zisitoke kama mtu anayebomoa mlango. Nyumbani kaka alipiga nyimbo tatu mfululizo. Mkewe, wifi yake Mama Midi, alilia jikoni, akasingizia vitunguu ilhali siku hiyo walikuwa wanachemsha maharage tu.

Mambo yakaharibika kwenye mazoezi ya kwaya.

Kaka huyu, kama wapigaji wengi waliojifunza kwa sikio, amepiga vibao vya aina moja maisha yake yote. Waimbaji wakipanda juu, yeye habadilishi vidole. Anabonyeza transpozi, kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo wa wimbo, kinanda kinapanda nao. Siku hiyo waimbaji wa sauti ya kwanza wakavuta juu kama kawaida yao. Mwalimu wa kwaya akainua kidole gumba kumwashiria apandishe. Kaka akabonyeza transpozi. Vibao vya mkono wa kulia vikapanda. Pedi za mkono wa kushoto zikabaki palepale chini.

"Transpozi ya kinanda kile inahamisha vibao tu, pedi haizigusi," anasema Mama Midi. "Nilijua. Na kaka yangu namjua, bila transpozi hawezi hata kupiga chafya. Lakini nyumbani hakuna mtu aliyeimba, basi ikanipita. Kosa ni langu, la mtu mwingine halimo."

Kwaya ilicheka, kwa kuwa kelele ile ilichekesha kweli. Kaka naye alicheka. Kisha akachomoa waya, akamwambia mwalimu, "Tafuteni mwingine," akaenda nyumbani. Simu za mdogo wake hakuzipokea tena.

Mama Midi alikichukua kinanda kilichoachwa mazoezini, akakaa na laptopu mpaka akapata njia. Ile transpozi akaiacha bila kazi. Akachukua kitufe kingine, akakibandika utepe mwekundu, akakipangia kuiambia kompyuta ihamishe kila kinachoingia, vibao na pedi pamoja. Kinanda kikawa tayari. Aliyebaki ni mpigaji.

"Kumwelezea nisingeweza. Angesema sawa sawa, halafu angerudi kwenye mashati. Nikaenda kwake, nikakitega mbele yake, nikaanza kuimba."

Sauti yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni ya kufukuzia kunguru. Aliimba wimbo ambao kaka yake anaupenda kuliko yote, akaupinda. Wifi akadakia kutoka jikoni, akaupandisha juu zaidi. Kaka alivumilia ubeti mmoja. Wa pili ulimshinda.

"Nyinyi! Mnauua!" akafoka, na mkono wa kulia ukashika vibao. Ngumi ikashuka. Wifi akavuta juu makusudi, kaka akagusa utepe mwekundu, na kila kitu kikapanda pamoja, kulia na kushoto. Hakuacha kupiga mpaka maharage yakaungua.

Sasa ni alasiri na pazia linafunuka. Kaka mwenyewe anaingia, shati halijapigwa pasi, kinanda kiko kwapani. Amerudi kwenye kwaya tangu miezi minne iliyopita. Anaketi bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu, nifutie pedi ya kwanza."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Siitaki." Anaunyanyua mkono wa kushoto kwa taabu, na kidole gumba kinajitenga na ngumi, kinatetemeka. "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa. Lakini noti moja kinaipiga."

"Ukikwama katikati ya wimbo hapatakuwa na pa kukimbilia, kaka."

"Futa, wewe!"

Mama Midi anakichomeka kinanda kwenye laptopu. Anafuta. Anahifadhi. Kaka anainama, anashusha kidole gumba kwenye kibao cha besi. Inatoka sauti moja, nyembamba, imechelewa kidogo, pale ambapo jana zililia nne kwa pamoja. Anarudia. Mara ya tatu inaingia mahali pake, na Mama Midi anageukia ukutani kujipangusa uso.

"Zimebaki saba," anasema akishageuka. "Nyingine huenda zisifutike, daktari wa mazoezi ya viungo hajatuahidi kitu. Lakini mimi naomba zote ziishe, kazi yangu yote pale ifutike. Siku hiyo laptopu na waya atachomeka mwenyewe, mimi nitakwenda kwenye kwaya mikono mitupu. Nitakaa nyuma kabisa. Sitakuwa fundi, nitakuwa mdogo wake tu."