Gunia la Mchanga Mweusi

Hata leo nikisikia harufu ya mafuta machafu ya gari yakiungua, nageuka kutazama nyuma. Ndiyo harufu ya mchanga wa baba.

Baba alikuwa akiyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu za mchanga kutengeneza sufuria, nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Majengo mjini Goma. Mchanga wa Goma peke yake haufai kazi hiyo. Ni wa volkano, chembe zake hazishikani. Aliuchekecha, akauchanganya na udongo wa mfinyanzi kutoka Rutshuru, akaulainisha kwa mafuta machafu badala ya maji. Kila alipomaliza kumimina, aliukanda upya. Kwa miaka mingi ukawa mweusi tii, mzito, laini kama unga. Sisi watoto tulikatazwa hata kuugusa.

Siku volkano ilipopasuka, majirani walikimbia na magodoro. Baba akabeba gunia la mchanga! Mama, mdogo wangu mgongoni na beseni kichwani, akatangulia mbele kwa hasira.

Kwenye barabara ya kwenda Sake, waasi walioshika mji walikuwa wameweka bariyeri ya kukagua mizigo. Askari mmoja akalipasua gunia kwa kisu, mchanga ukamwagikia viatu vyake.

"Koltani," akasema. "Papa, umeiba ya nani?"

Mama akafumba macho. Jirani yetu alikuwa amechukuliwa na waasi kwa ajili ya mfuko mmoja wa madini hayo meusi, na hakurudi.

"Hapana, afande. Iko muchanga ya kutengeneza sufuria."

"Moto inachoma nyumba yako, weye unabeba muchanga?"

Akampigisha baba magoti, akamwekea bunduki shingoni. Nikaanza kulia.

"Leta mukono, mama yangu," baba akaniambia. "Angalia chini tu."

Akausawazisha mchanga, akaushindilia kwa ngumi, kisha akakibana kiganja changu juu yake, akinitekenya. Nilipouinua mkono, alama yake ilibaki pale: vidole vyote, kovu la kidole gumba, hata mistari. Nikacheka kwa sauti. Mchezo niliokatazwa maisha yangu yote, leo naruhusiwa!

"Koltani haiwezi kushikana hivi, afande."

Askari akainama, akaitazama alama ile, akanitazama mimi niliyekuwa bado nacheka. Akashusha bunduki.

"Mupite."

Mama ndiye aliyepiga magoti wa kwanza, akauzoa mchanga wote kwa kitenge chake. Tuliporudi, sufuria za nusu ya mji zilikuwa chini ya lava, na mchanga ule ndio uliotulisha.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho. Kisha waasi wengine wakaja. Risasi zilipokaribia ua wetu, nilimlaza binti yangu sakafuni na kumfunika macho, asione chochote kama mlango ungevunjwa. Mkono wangu ukawa unacheza usoni pake, nikashindwa kuuzuia. Naye akacheka.

"Mama, unanitekenya!"

Nikamkumbuka baba, bunduki shingoni, akiniambia niangalie chini tu. Hakuwa akinitekenya. Alikuwa anatetemeka.